Sauti Niliyompa Mpishi wa Msafara

Nianze na ujinga wenyewe, maana nikianza na mazuri nitaishia hapo hapo. Likizo ya mwezi wa sita nilimpa mwizi wa kitabuni sauti ya jirani yetu, nikasoma mbele ya watu, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa karibu nami kiasi kwamba angeweza kunigusa goti. Alikuwa akichambua tumbaku. Tumbaku yetu, si yake.

Ningependa kusema ilinitoka tu. Hapana. Nilifanya mazoezi. Asubuhi ile nilikwenda nyuma ya bani, nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, pale tunapopanga kuni, nikamwiga mpaka nikacheka mwenyewe. Mtazamaji wangu wa kwanza alikuwa mbuzi wa baba, na hakucheka. Ningemsikiliza mbuzi.

Mimi nasoma bweni, Tabora mjini. Siku ya kufunga shule mwalimu wa maktaba aliruhusu kila anayetaka achukue kitabu kimoja cha likizo, mradi akirudishe siku ya kufungua. Wenzangu walichukua vya fizikia ili waonekane. Mimi nilichukua hadithi, kitabu kinene kilichopoteza jalada, kwa hesabu zangu kwamba ndani ya treni mtu mwenye kitabu kinene haombwi kumshikia mtu mtoto. Nilishikishwa mtoto hivyo hivyo, akanikojolea kabla hatujafika Urambo.

Mama alikiona kitabu kwenye begi kabla hajaziona nguo chafu. Mama yangu anapenda kusoma kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hana cha kusoma. Anasoma gazeti lililofungia maandazi. Anasoma mfuko wa mbolea, mbele na nyuma, na akimaliza anaukunja vizuri kama vile atausoma tena. Alikigeuza kitabu, akakinusa, akaniuliza kinahusu nini. Nikamwambia kinahusu msafara wa wapagazi waliotoka huku kwetu na pembe za ndovu kwenda pwani, na mtoto wa kike aliyeufuata msafara pamoja na mama yake. Akakaa nacho mapajani muda, akasema kitabu cha namna hiyo hakisomwi na mtu mmoja. Kitasomwa bandani, kila siku, baada ya chai ya saa kumi, sura moja, watu wakiwa kazini.

Kwa asiyejua kazi yetu: tumbaku ikitoka kwenye bani imekwisha kukauka, lakini haiwezi kwenda sokoni hivyo hivyo. Inachambuliwa jani kwa jani, rangi na rangi yake, refu na refu mwenzake, ndipo inafungwa mitumba, yaani marobota ya kupeleka sokoni. Ni kazi ya kukaa. Vidole vinajaa ulimbo mweusi usiotoka kwa sabuni, mgongo unauma, na kichwa hakina cha kufanya. Miaka yote vichwa vya bandani kwetu vilijazwa umbea. Safari hii mama aliamua vijazwe kitabu.

Akaweka na masharti. Msomaji hachambui, na hilo ndilo lililonifanya nikubali haraka kuliko nilivyowahi kukubali jambo lolote nyumbani. Mikono ya wasikilizaji ikisimama, msomaji naye anasimama, ili kazi isilale. Simu zinabaki ndani ya nyumba. Na hakuna ruhusa kuuliza mbele kuna nini. Kila mtu anangoja kesho yake kama mtu mwingine.

Kilichotusumbua mwanzoni ni mwanga. Mlango wa banda huegeshwa, upepo wa kiangazi usije ukakausha majani yakavunjika, kwa hiyo mwanga unaoingia ni kipande kimoja, na wachambuaji wanautaka huo huo ili waone rangi. Siku ya kwanza nilisomea gizani nikaruka mistari, watu wakanung'unika. Aliyenipisha ni jirani. Alisogeza kigoda chake pembeni, akasema macho yake yamezoea, akanionyesha nikae pale penye mwanga. Ndivyo nilivyofika kukaa karibu naye.

Mama anamwita dada, kwa hiyo mimi namwita mama mkubwa. Hatuna udugu wa damu. Shamba lake limepakana na letu, na kina mama wa huku wanapeana kazi: wiki hii wote wanachambua ya huyu, wiki ijayo ya yule, hakuna anayemlipa mwenzake. Alikuja huku kuolewa akitokea Ulyankulu, na Ulyankulu alifika mdogo sana akitokea Burundi, watu wa kwao walipokimbia. Kiswahili chake ni kizuri, ila kimejifunga Kirundi kiunoni. Zile l anazigeuza r, na sentensi yake inapanda mlima mwishoni, hata akiwa anakuamuru unadhani anakuuliza. Na mtu akiwa mdogo kwake anamwita mwana wanje, yaani mwanangu. Mimi ameniita hivyo tangu nikitembea uchi.

Hakuna aliyekipenda kitabu kile kama yeye. Alikuwa anafika kabla ya chai, amebadilisha kitenge, kama mtu anayekwenda misa. Zamani alisoma kitabu cha sala, siku hizi herufi ndogo zimemshinda. Kila nilipofungua aliwakumbusha watu tulipoishia: jana tumewaacha kwenye kijito, mzigo wa yule mrefu umelowa, kiongozi amekasirika. Mimi msomaji nilikuwa nakosea, yeye hakosei. Tukimaliza ananiambia asante kwa kusoma, mwana wanje, anaondoka polepole kama mtu aliyeshiba.

Kisha tukafika sura ambayo mama wa yule mtoto anaugua njiani. Msafara haungoji mgonjwa. Wakamwacha kwenye kijiji cha watu wasiowajua, wakamchukua mtoto, wakamwambia watampitia wakirudi. Nilipofika hapo mikono ya mama mkubwa ikasimama, na mimi nikasimama kwa sharti. Bila kumtazama mtu, akasema hata yeye alikuja hivyo. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka mahali fulani, halafu aliyembeba akawa shangazi. Mahali penyewe hajui ni wapi, na shangazi alifariki bila kusema. Kisha akaniuliza kama mtoto wa kitabuni atamwona tena mama yake. Mama akamkumbusha kwa upole kwamba sharti ni sharti, dada, tungoje. Akakubali. Lakini kuanzia siku ile sote tulijua anachongoja, na mimi nilijua zaidi, kwa sababu shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa na kitabu kilikuwa cha kurudi nami.

Sasa mtu mwenye akili timamu, akishasikia hayo, angesoma kwa adabu mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeonja kitu kingine. Nilikuwa nimegundua kwamba nikibadilisha sauti, watu wanacheka. Kiongozi wa msafara nilimpa sauti ya mwalimu wetu wa zamu, mwenye kuongea kama amefinywa pua. Punda nilimpa sauti ya punda. Binamu zangu wawili, waliokuja kutufungia mitumba, walikuwa hawana habari na kitabu. Walikuwa wananingoja mimi. Nikawa staa wa banda. Nikaanza kupekua kurasa mapema, si kwa ajili ya hadithi, bali kutafuta nitamchekesha nani na nini.

Ndipo nikamkuta mpishi. Mpishi wa msafara ametoka upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa, si mtu wa huku, wapagazi wanamtania, naye watu wakilala anaiba chumvi kwenye mizigo. Kitabu hakisemi anaongeaje. Nikaona hapo pameachwa wazi kwa ajili yangu.

Jioni ile nikasoma. Mpishi anakamatwa na chumvi mkononi, na kitabuni anasema tu kwamba hajui imefikaje pale. Mimi nikampa zile r, nikampandisha mlima mwishoni mwa sentensi. Binamu mmoja akashtuka, akamsukuma mwenzake kwa kiwiko. Nikajua nimewapata. Mtu akishajua amewapata haachi, anaongeza. Nikatia neno ambalo halimo kitabuni.

“Siyo mimi, mwana wanje,” nikamfanya mpishi amwambie kiongozi.

Banda likapasuka. Mdogo wangu wa kike akaangukia rundo la majani. Binamu yule akapiga paja, akasema, “Hawa wakimbizi, bwana, mikono yao.” Na mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama chafya, kikamponyoka, akakiziba kwa kiganja chenye ulimbo, akabaki na alama nyeusi juu ya mdomo.

Mama mkubwa hakucheka wala hakununa. Alimaliza jani alilokuwa nalo, akaliweka kwenye rundo lake, akafunga vizuri alichokwisha kuchambua. Akamwambia mama kwamba mgongo leo umemsumbua. Akainama kupita mlangoni, akaenda. Kwangu hakusema kitu, wala ile asante.

Nikamaliza sura. Katika yote haya, hilo ndilo linalonirudia nikiwa naoga, nikiwa darasani, nikiwa nakula: mtu ametoka, na mimi nikaendelea kusoma mpaka mwisho wa sura, kwa sauti zote.

Kesho yake kigoda chake kilikuwa kitupu. Tulingoja mpaka chai ikapoa. Mama akaniambia nianze, nikauliza tuliishia wapi, wakatazamana. Binamu akasema kuna mtu aliiba kitu. Mdogo wangu akasema ni kwenye punda. Mama akanyoosha mkono, akakichukua kitabu, akakifunga, akasema hakitasomwa mpaka mwenye kukumbuka atakaporudi. Akanisogezea rundo la majani.

Nikaanza kuchambua. Binamu zangu walifurahi kupita kiasi, wakaniita mheshimiwa msomaji, wakaniuliza jani hili lina sauti gani. Nilipotazama vidole vyangu vimekuwa kama vya fundi wa baiskeli, nikadhani adhabu yangu ndiyo hiyo na itakwisha. Haikuwa hiyo. Mama alimtuma mdogo wangu na viazi vitamu, jibu likarudi kwamba mama mkubwa mzima, anashukuru, ana kazi. Wiki ya kuchambua ya kwake ilipofika, akatuma salamu kwamba tusisumbuke, ataimaliza mwenyewe. Huo ulikuwa mzigo. Kwa kina mama wa huku, mtu anayekataa kurudishiwa kazi yake anakurudishia ujirani wote, na kila aliyepita barabarani alijua kwamba anachambua peke yake.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Baba, ambaye kwa kawaida anaongea na moto wa bani zaidi ya watu, alisema wakati wa kula kwamba shule yangu inaonekana inafundisha vizuri. Nikanawa mikono kabla ya kushiba.

Nilijaribu kuomba msamaha mara ya kwanza kwa namna ambayo naona aibu hata kuiandika. Nilikutana naye njiani akisukuma baiskeli yenye kuni. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga vizuri. Lakini mdomo wangu una tabia ya kufika mahali kabla yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama. Akanipa nafasi kabisa. Na mimi, kwa woga, nikacheka na kusema, “Mama mkubwa, mpishi anakusalimia.”

Alinitazama kidogo tu. “Mwambie marahaba,” akasema, akasukuma baiskeli yake.

Sikumsaidia hata kusukuma. Nilibaki katikati ya njia nikimwangalia mpaka akakata kona, halafu nikaenda kujificha nyuma ya bani. Nilijaribu kujiambia kwamba jibu lake lilikuwa la utani, kwa hiyo yamekwisha. Hata mimi, ambaye najidanganya vizuri, sikuamini.

Siku iliyofuata, baada ya chai, nilimwomba mama kitabu. Hakuuliza. Akakitoa kabatini, akanipa.

Nilimkuta kwenye banda lake, dogo kuliko letu, mlango umeegeshwa. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akanionyesha gunia la kukalia. Safari hii nikasema kabla mdomo haujapata wazo: nimekuja kuomba unisamehe, mama mkubwa, nilikosa. Akaendelea kuchambua. Akauliza kama nimekuja na kitabu. Nikasema ndiyo.

“Soma pale pa mpishi,” akasema. “Soma kama siku ile.”

Nikasema siwezi.

“Soma. Siku ile sikusikia vizuri, watu walikuwa wanacheka.”

Nikafungua. Nikaitoa ile sauti. Sijui nielezeje. Sauti niliyoifanyia mazoezi, iliyonifanya staa, ilitoka peke yake ndani ya lile banda, hakuna paja lililopigwa, hakuna kiwiko, kuna majani tu yanasuguana. Haikufanana naye hata kidogo. Ilifanana na mtoto anayetoa ulimi. Nilipofika kwenye lile neno nikalipita, nikaendelea na mstari unaofuata.

“Kuna neno umeruka,” akasema.

Nikarudi, nikalisema. Nililisema nikiangalia chini, na masikio yanawaka moto kama yamefinywa.

Akachagua jani jingine, akaligeuza kwenye mwanga. “Yule kiongozi ulimpa sauti ya mwalimu wenu.”

“Ndiyo.”

“Na mpishi, mbona hukumpa ya baba yako?”

Nikafikiri uongo, nikakosa. “Angenipiga,” nikasema.

“Ehe,” akasema mama mkubwa.

Nikangoja aendelee, kwa sababu watu wazima wakishakukamata hivyo huwa wanaendelea, na wakiendelea sana unapata upenyo wa kuanza kuwaona wao ndio wabaya. Hakuendelea. Aliniacha na ile ehe. Baada ya muda akaniambia sasa nisome kuanzia alipoondoka, kwa sauti yangu mimi. Nikasoma. Niligundua sauti yangu siijui vizuri; ilikuwa nyembamba, inakimbia, mara inakauka. Alinisimamisha mara moja tu, akaniomba nirudie mahali msafara unapovuka mto wenye mawe, kwa sababu nilikwenda haraka. Hakuuliza chochote kuhusu mtoto na mama yake.

Nilitaka kumpa kitu. Nikafunga kitabu, nikamwambia nimekwisha kuchungulia mwisho, najua kama mtoto anamwona mama yake au hamwoni, nimwambie?

Mikono yake ikasimama. “Usiniambie,” akasema. “Nataka kusomewa.”

Nikamwambia basi kesho aje, watu wote wanamngoja, mama amefunga kitabu kwa ajili yake. Akatikisa kichwa.

“Kwenu sirudi. Nikikaa pale nitakuwa nawasikiliza wanaocheka. Kitabu sitakisikia.” Kisha akafunga majani aliyokwisha kuchambua, akasimama, akapangusa kitenge. “Haya, kijana. Nisalimie mama.”

Kijana. Njia nzima nililibeba hilo neno. Si tusi, hata mkuu wa shule ananiita hivyo.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamrudishia kitabu na salamu, halafu nikamweleza yote, hata lile swali kuhusu sauti ya baba, hata jibu langu, hata nilivyotaka kumuuzia mwisho wa hadithi ili nisamehewe. Nilimwambia harudi. Nilimwambia zimebaki siku chache nirudi Tabora na kitabu, na mama mkubwa hatajua mtoto yule alifika wapi. Mama akaacha kupepeta. Alikaa na ungo magotini, mchele umejikusanya upande mmoja, kuku wamesogea.

Akasema: “Mimi nilicheka. Wewe ulisoma, wale wakapiga mapaja, lakini yeye unafikiri alimtazama nani? Alinitazama mimi. Kesho tukimaliza chai chukua kitabu, mimi nabeba mkeka, tunakwenda kuchambua ya kwake. Akitufukuza, tutakwenda tena keshokutwa. Binamu zako wabaki hapa na mitumba yao. Na ukifika kwa mpishi, nipe kitabu nisome mimi.”